Mkono Ndani ya Utando

Ukitaka kunaswa, naswa na kazi ya mtu mwingine. Utaipasua bila huruma na kutoka zako. Mkamwana alinaswa na kazi ya mikono yake mwenyewe, tena imetoka nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, na siku yenyewe ndiyo aliyoipanga kutoroka.

Mkamwana hakuwa na jina jingine pale. Mtaa mzima ulimwita hivyo, kwa kuwa aliingia nyumba ile akiwa mke wa mtoto wa kiume, na mama mwenye nyumba hakuchoka kulitamka: mkamwana wangu hivi, mkamwana wangu vile, leo mkamwana wangu kaamka na mdomo umevimba kama kaumwa na nyuki. Jina la kwao lilibaki kinywani mwa dada yake tu, kwenye simu.

Nyumbani waliishi wanne. Kulikuwa na mavyaa wake, yaani huyo mama wa mume, mwanamke mfupi, mpana, mwenye funguo zote za nyumba kiunoni. Kabla hujamwona unasikia funguo. Kulikuwa na mume, ambaye watani walimpa jina la Kesho, kwa sababu kila ukimwuliza jambo, kuanzia bawaba ya mlango hadi kile chumba cha kupanga wakaishi wenyewe, lilikuwa linafanyika kesho. Na kulikuwa na wifi, dada yake Kesho, aliyeachika akarudi nyumbani na mdomo wake. Yeye walimwita Redio, na hakuna aliyewahi kuona betri zake zimekwisha.

Karakana yao ilikuwa uani, chumba kirefu cha bati chenye meza ya zege, na juu ya meza sinia la chuma pana kama kitanda cha watu wawili. Humo ndimo ulimozaliwa utando: kitu cheupe, laini kama ngozi ya mtoto, kigumu kupasuka, ambacho watu wa visima na wa zahanati walikikata vipande wakachujia maji. Enzi za marehemu baba mwenye nyumba, utando wa namna hiyo ulitengenezwa kwa dawa kali za kwenye madebe, zinazonuka kama rangi ya gari. Marehemu alizikohoa dawa hizo mpaka siku alipoacha kukohoa. Mavyaa akaapa kwamba debe lile halitaingia tena kwake, na ndipo walipojifunza njia ya maji.

Njia ya maji ni ya ajabu lakini haina uchawi. Unachukua uji wa maganda ya kaa na kamba, uliolainishwa kwa siki. Unachukua na uji wa mwani. Mmoja una chaji ya kujumlisha, mwingine chaji ya kutoa, kama ncha mbili za betri ya tochi, na zikikutana tu hukumbatiana hadharani bila haya, zikaganda mabonge mabonge yasiyofaa kwa lolote. Kwa hiyo unatia chumvi, tena nyingi. Chumvi inakaa katikati yao kama mavyaa aliyekuja kutembea na hajasema ataondoka lini: huyu akinyoosha mkono, mama yupo, yule akisogea, mama yupo. Basi mchanganyiko unabaki mzito na mlaini kama asali, unamiminika, unatandazika. Ukishautandaza upendavyo, unafungulia maji ya bomba. Maji yanaiosha chumvi, yanaitoa nje, na wale wawili, wakiona mama katoka, wanashikana moja kwa moja. Hapo huwaachanishi kwa nyundo. Ukitaka kuwaachanisha, irudishe chumvi.

Hapakuwa na moshi, wala harufu isipokuwa ya siki. Kilichoharibika hakikutupwa, kilirudishwa kwenye maji ya chumvi kikalainika, kikamiminwa upya.

Ugumu ulikuwa kwenye mapovu. Utando mpana ulihitaji wavu wa nyuzi ndani yake, kama zege linavyohitaji nondo, na chini ya wavu ndiko mapovu yalikojificha. Likibaki povu moja, utando una tundu, na chujio lenye tundu ni pambo la ukutani. Kwa hiyo mtu mmoja alivaa glavu ya uzi inayofika kiwikoni, akapitisha mkono chini ya wavu, akayasukuma mapovu polepole hadi ukingoni, huku mwenzake amesimama bombani. Sheria ilikuwa hii: wa bombani hafungui mpaka wa mezani ainue mikono yote miwili juu, kama mtu anayeporwa.

Asubuhi hiyo aliyekuwa mezani ni Mkamwana, na aliyekuwa bombani ni mavyaa.

Mkamwana alikuwa na haraka ya siri. Dada yake alikuwa anapita na pikapu kutoka ufukweni, amebeba mwani mbichi wa karakana yake mwenyewe iliyoko mji mwingine, na angejaza mafuta pale sheli ya mwisho wa barabara. Huko kwa dada kulikuwa na kazi na kitanda, na hakukuwa na kesho. Nguo za Mkamwana zilikwisha kutoka kidogo kidogo, leo gauni, kesho kutwa khanga, kwa kisingizio cha kupeleka kwa fundi cherehani. Sanduku tupu lilifuata. Ilibaki amalize utando huu, mpana kuliko wote, ambao mnunuzi angeujia alasiri. Kisha anawe, aseme anakwenda kununua sabuni, na sabuni hiyo wangeisubiri. Angeweza kuondoka tangu asubuhi, lakini hakutaka kuacha kazi nusu. Hiyo ndiyo hasara ya kulelewa vizuri.

Alikuwa amebakiza povu moja, kaidi, limejibanza katikati ya sinia. Mkono wa kuume umezama hadi juu ya kifundo, vidole vimepenya kwenye matundu ya wavu vikilibembeleza lile povu, mara akasikia bomba linakohoa.

Maji yakaja.

"Mama! Mkono!"

"Mkono wa nani?"

"Wangu, Mama! Umo ndani! Funga maji!"

"Ee! Kumbe umo," mavyaa akasema, akaanza kulipapasa bomba kama mtu aliyeingia nyumba ya kigeni gizani, bomba alilolifungua na kulifunga tangu siku lilipowekwa.

Mkamwana akavuta. Alichelewa. Utando unapoganda hujikunja kidogo, na ule ulijikunja na glavu yake, ukaziingia nyuzi za glavu, ukauzunguka wavu, ukamshika kila kidole peke yake kama mtu anayehesabu. Haukuuma. Ulishika tu, kwa adabu, bila nia ya kuachia. Maji yalipofungwa sinia lilikuwa limejaa pomoni, na chini yake umelala utando mweupe, nyororo, bila tundu hata moja, na mkono wa mtu umeota katikati.

"Umetoka mzuri!" mavyaa akasema.

"Mama, nipe maji ya chumvi."

"Chumvi iko stoo."

"Nifungulie basi stoo."

"Ufunguo wenyewe sijui niliuweka wapi."

Funguo zikalia kiunoni mwake. Wote wawili walizisikia.

Kilichofuata ni kwamba Redio aliingia, kwa sababu Redio huingia. Akatazama sinia, akatazama wifi yake, akaweka mkono mdomoni, na kwa muda mfupi sana palikuwa na kimya.

"Wifi! Umepandwa?"

"Usicheke, wifi. Nenda kaniletee chumvi."

"Sicheki. Nakuonea huruma. Ila mtu akikuona hivi atadhani unaiba samaki." Akageuka mlangoni akaita kwa sauti ya kufika sokoni, "Kesho! We Kesho! Njoo umwone mkeo kaoteshwa!"

Kesho akaja na bisibisi mkononi, maana alikuwa akitengeneza pampu ambayo ilikuwa ipone mwezi uliopita. Alikuwa mtu mpole, na sura nzuri ya mtu ambaye hajawahi kuamua jambo.

"Pole, mke wangu. Imekuwaje?"

"Imekuwa hivi unavyoona. Mwambie mama atoe chumvi."

"Mama, toa chumvi."

"Nitoe chumvi nimwage wapi?" mavyaa akamjia juu. "Juu ya utando wa watu? Mnunuzi anakuja leo. Ukimwaga chumvi pale unayeyuka, unabaki na shimo la kupita mbuzi. Tumwambie nini? Kwamba humo ndimo mkeo alimokuwa anaishi?"

"Basi niukate na mkasi kuzunguka mkono," Kesho akasema.

"Ukate! Na shimo la mkasi si shimo?"

Kesho akafikiri. Ulimwona kabisa akifikiri, kama unavyoona maji yakipanda kwenye chupa. "Basi," akamwambia mkewe taratibu, "ngoja mnunuzi aje auone kwanza. Unaweza kukaa kwenye kigoda. Akishaondoka, tutaangalia."

"Akishaondoka nao? Anaondoka na utando na mimi nimo?"

"Hapo ndipo tutaangalia."

Mkamwana alimtazama mumewe na bisibisi yake, akaona miaka yote iliyobaki imekaa kwenye kigoda inasubiri mnunuzi.

Simu yake ikalia dirishani. Alinyoosha mkono wa kushoto kadiri ulivyoweza kufika, na haukufika. Mavyaa akaiokota, akaitazama, akaiweka sikioni.

"Halo. Hayupo. Yaani yupo, ila hatoki." Akasikiliza. "Mimi ni mkwe wake, wewe nani? Aa, dada mtu. Hujambo, mwanangu? Za safari?" Akasikiliza tena, akiitikia kwa adabu zote. "Haya. Haya. Nitamwambia." Akairudisha dirishani. "Dada yako anasema yuko sheli. Anasema mwani unamchemkia kule nyuma, akishajaza mafuta anaondoka, na wewe ukitaka kuja uje sasa. Amesema na salamu."

Maji yalidondoka kutoka bombani, tone, tone.

"Kuja wapi?" Kesho akauliza.

"Nyie wawili tokeni," mavyaa akasema. "Redio, kakae getini umwangalie mnunuzi. Na wewe kamalize pampu yako."

Wakatoka. Mavyaa akavuta kigoda, lakini si kwa ajili ya Mkamwana. Alikikalia mwenyewe, magoti wazi, funguo mapajani.

"Juzi nilifagia chini ya kitanda chako," akasema. "Fagio likaenda mpaka ukutani halikugonga kitu. Nikasema moyoni, sanduku la mkamwana wangu limekwenda kutembea, na sanduku halitembei peke yake."

"Kwa hiyo ulifungua maji kusudi."

"Nilifungua."

Mkamwana alidhani angekana. Alikuwa ameshaandaa maneno ya mtu anayekana, na sasa hayakuwa na kazi. "Unanifunga kama mbuzi, Mama?"

"Mbuzi nisingemfunga kwa utando wa bei hiyo."

"Mama, mimi sichekeshwi."

"Najua." Mavyaa akaikunjua khanga yake, akaikunja tena. "Unajua mimi nilipoletwa hapa nilikuwa na umri kama wako? Mavyaa wangu alikuwa na tabia ya kuhesabu viazi kabla havijaingia jikoni na baada ya kutoka. Nilikuwa nalala nikipanga njia ya kuondoka. Kupitia wapi, kupumzika wapi, kunywa maji kwa nani. Mpaka leo naijua. Kisha akafa, nikapewa funguo, na mtu akishapewa funguo haondoki tena. Anabaki kufungua na kufunga."

"Sasa kama unajua hivyo, mbona unanifanyia?"

"Kwa sababu ukienda nabaki na Kesho na Redio! Umewahi kukaa nao peke yako tangu asubuhi mpaka jioni? Mmoja hanyamazi, mwingine hamalizi. Na hili sinia nani atalijua? Mimi vidole vyangu vimekufa ganzi, povu silisikii hata linipige kofi. Wewe ndiye karakana. Wewe ukitoka, mimi ni bibi kizee mwenye chumba cha bati."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko kunaswa. Mtu akikufunga kwa ubaya unajua pa kusukuma. Akikufunga huku akikwambia wewe ndiye nguzo, ukisukuma unaonekana unabomoa nyumba. Mkamwana alihisi mkono wa pili unamshika, huu hauna wavu wala glavu, na karibu aseme haya, Mama, nitakaa. Maneno yalifika kwenye meno.

Ndipo huko nje akamsikia Redio barabarani, anamweleza fundi cherehani: "Kaota, nakwambia, kaota kama mchicha!" Na kama Redio yuko barabarani, basi geti liko wazi, maana Redio hajawahi kufunga geti maishani mwake.

Mkamwana akatazama ukingo wa sinia. Fremu ya wavu ilishikiliwa na vibanio, na vibanio vilitaka mkono mmoja tu.

"Mama," akasema, "huwezi kuuharibu utando?"

"Siwezi."

"Na hutaki nitoke ndani yake?"

"Sitaki."

"Basi tunaondoka wote, mimi na wenyewe."

Akabanua kibanio cha kwanza. Mavyaa alidhani ni utani, akacheka kidogo. Cha pili kikaruka, kikagonga bati. Cheko likakauka. Kufikia kile cha mwisho mavyaa alikuwa amesimama anasema, "We mwana! We mwana, una wazimu!" na Mkamwana alikuwa ameshauvuta wavu kutoka kwenye fremu, ameunyanyua utando mzima kutoka majini, mzito, baridi, unatiririka, ameutupia begani kama shuka la hospitali. Ukamfunika kuanzia kichwani. Mwisho wake ukaburuzika nyuma sakafuni.

Akatoka.

Kesho, uani, aliinua macho kwenye pampu. "Unakwenda wapi?"

"Kununua sabuni."

"Haya," Kesho akasema, maana alizoea kukubali, na alipogutuka mkewe alikuwa amekwisha kupita getini.

Sasa, utando ukiwa na maji ni laini kama ngozi. Ukikauka, unakuwa kama kigae: unaukunja, unavunjika ka! Na jua siku hiyo lilikuwa limekuja kikazi. Mavyaa alilijua hilo kabla hajafika getini. Alirudi mbio, akaokota kopo la kumwagilia maua, akalijaza bombani, akatoka nalo akiyumba, na barabara nzima ikaona: mbele mwanamke kajifunika kitu cheupe kinachong'aa na kuburuzika, nyuma yake bibi anammwagilia.

"Bibi harusi huyo!" kinyozi akapiga kelele mlangoni pake. "Bwana yuko wapi?"

"Bwana anatengeneza pampu!" akajibu Redio, akijiunga na msafara.

"Simama nikulowanishe!" mavyaa akasema. "Bega la kushoto linakauka!"

"Lowanisha, sisimami."

"Mwanangu, kuna mchanga, inua huko nyuma! Redio, shika pindo hilo! Shika na wewe, unatazama nini?"

Redio akashika pindo. Ikawa kweli ni harusi. Fundi cherehani, mtu wa nguo, alitoka na futi yake shingoni akaugusa utando ulipompita, akauliza kitambaa hicho kinauzwa wapi. Mkamwana hakusikia aibu. Alisikia baridi ya maji mgongoni, uzito begani, na vidole vyake vya kuume vilivyoshikwa mle ndani kama vya mtoto anayevushwa barabara. Alikuwa anatembea, ndiyo. Lakini alikuwa anatembea na karakana nzima mgongoni, na mavyaa, na wifi, na kila hatua aliwasikia.

Nyuma yao mavyaa alikuwa anahema. "Redio," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge, "niachie pindo. Chukua huu ufunguo. Stoo. Leta ndoo ya chumvi. Kimbia, na usizungumze na mtu njiani."

Redio alikimbia. La kutozungumza halikuwezekana, lakini alikimbia.

Dada mtu alikuwa ameegemea pikapu pale sheli, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira. Alitazama msafara ukikaribia, akatoa kijiti cha meno mdomoni.

"Nilikwambia uje mwepesi," akasema. "Wewe umekuja na turubai?"

"Mkono wangu umo ndani."

"Nani kafungua maji?"

"Mimi," mavyaa akasema. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akajiketisha juu ya tairi kuukuu lililolala ukutani, kopo mapajani, pumzi hana. "Mleteni hapa kivulini, kabla hakijavunjika kitu."

Ndoo ilipofika, wakaushusha utando magotini pa mavyaa, naye akakoroga chumvi na maji ya kopo kwa mkono wake. Hakumwachia mtu mwingine. Alichota kwa kiganja akamwagia palepale tu mkono ulipoingilia, akasugua, akachota tena, akizuia yasichuruzike kwingine, kama mama anayemwosha mtoto kidonda. Ilichukua muda. Mwenye sheli alikuja kuuliza kama wananunua mafuta, Redio akaenda kumweleza, na akabaki huko huko.

Taratibu ule ugumu ukawa mafuta, mafuta yakawa asali. Kidole gumba kikatoka. Kikafuata cha shahada. Kila kidole kilichotoka, mavyaa alikishika kwa mkono wake mwingine, mpaka vilipotoka vyote alikuwa amevikamata vyote. Akaivua ile glavu iliyolowa, akavikamata tena vitupu. Utando ulikuwa umemwachia. Yeye bado.

"Mama," Mkamwana akasema. "Niachie."

"Vimekunjamana hivi utakwenda navyo wapi?"

"Niachie."

Bibi akamtazama usoni, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama. Kisha akafungua kiganja, upesi, kama mtu aliyeshika sufuria la moto.

Katikati ya utando pakabaki shimo. Halikuwa la kupita mbuzi, kuku, labda. Wavu ulionekana uchi, na pembeni mwake lile zito lililolainika likining'inia bila mwelekeo. Mavyaa hakulitazama. Alitazama barabara, upande ambao mnunuzi angetokea.

Dada akapiga honi. "Mwani wangu, jamani!"

Mkamwana alikuwa ameshashika mlango wa gari. Alisema moyoni, panda. Miguu haikupanda. Shimo lile lilimwita kama sufuria linaloungua. Likizibwa sasa hivi, lingali laini, halitaonekana. Likiachwa mpaka jioni, utando wote unarudi pipani, na mnunuzi anarudi alikotoka. Alijua pia kwamba akiupeleka tena mkono wake mle, atasema nimalizie na hiki, kisha na kile, na jua litazama yuko mezani.

Akarudi. Lakini hakutoa mkono wake. Akaokota kopo, akalijaza kwenye bomba la sheli.

"Mama, rudisha lile zito shimoni, kisha tia mkono chini ya wavu."

"Mimi? Sisikii kitu, nimekwambia."

"Husikii mapovu. Ubaridi unausikia?"

"Ubaridi nausikia."

"Povu ni hewa, lina joto la nje. Palipo na ubaridi ni pazuri. Palipokosa, sukuma."

Mavyaa akatia mkono. Vidole vinene vikapita chini ya wavu, vikasita, vikasukuma, vikasita. Mkamwana alisimama juu yake, kopo limejaa maji ya bomba, mdomo wa kopo umeinamia palepale. Kuinamisha kiganja kidogo tu, na huyu bibi angebaki hapa sheli, amekaa juu ya tairi, mkono ndani, mpaka mtu amkumbuke. Mavyaa naye aliliwaza. Aliinua macho akaliangalia kopo, kisha akamwangalia mwenye kopo, na hakutoa mkono. Aliendelea kusukuma.

"Hapa," akasema kwa mshangao. "Hapa pamekosa."

"Sukuma huko ukingoni. Ndiyo. Sasa toka."

Akatoka. Mkamwana akamwaga maji. Lile shimo likapauka, likashika, likawa jeupe kama kwingine, isipokuwa lilibaki na alama ya vidole vinne vinene, ambayo mnunuzi angeiona na ambayo haikudhuru kitu.

"Kibaya," mavyaa akasema.

"Hakivuji."

"Nitakuja kukutembelea."

"Karibu, Mama. Ila upige simu kwanza."

Mavyaa akamsonya, lakini bila nguvu, akamwita Redio aje ashike pindo, na wakaondoka wanabishana nani ashike juu na nani ashike chini.

Mkamwana akapanda. Dada akausukuma mlango wa Mkamwana kwa nje, ukajifunga kwa kishindo, akazunguka akaingia upande wake, akatia gari moto. Kabla hawajaingia barabarani alikuwa ameshaanza.

"Nimekupangia kila kitu. Utalala chumbani kwangu, kitanda nimekisogeza. Kuamka ni mapema, mimi sipendi mtu wa kulala. Sinia langu ni pana kuliko hilo lenu, wavu wake mgumu, utauzoea. Na mlango huo usihangaike nao, haufunguki kwa ndani. Tukifika nitakuja kukufungulia mimi."

Mkamwana akaupapasa mlango. Kweli, palipokuwa na mkono wa kufungulia pamebaki tundu na waya.

Akashusha kioo mpaka chini kabisa, akatoa mkono wa kuume, mwekundu, umekunjamana, bado unanuka siki, akautafuta mkono wa mlango kwa nje. Akauvuta. Mlango ukafunguka kidogo, barabara ikaonekana ikikimbia chini, upepo ukaingia.

"We! Una wazimu? Unafanya nini?"

Akaufunga tena.

"Najaribu tu," akasema, na kioo akakiacha wazi.